Nyumbani Kuna Watoto? Barua ya Wazi kwa Bunge la Kaunti ya Nakuru

Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,

Kliniki za watoto katika kaunti hii zinafanana, iwe Njoro, Bahati au Karagita. Baridi ya asubuhi haijaisha na benchi limeshajaa. Akina mama wamefunga watoto mgongoni kwa leso na mashuka mazito, na vijitabu vya kliniki vimevishwa nailoni visilowe. Mizani inaning'inia kwenye ndoano kama ya muuza nyama. Mtoto anavuliwa nguo, anatiwa miguu katika suruali ya kitambaa yenye mikanda, anatundikwa, anapiga kelele. Muuguzi anangoja mshale utulie, anasoma kilo, anatia nukta kwenye chati na kuiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mama anapewa hongera. Ukilala, anaulizwa, "Mama, mtoto unamlisha nini?"

Hebu mama mmoja asimame katika foleni hiyo. Hana jina hapa kwa sababu si mtu mmoja. Tuseme anatoka mtaa wa Rhonda mjini Nakuru, ana miaka 24, na mtoto wake ana miezi mitano. Mstari wa mtoto umelala kwa mara ya pili. Anaulizwa anamlisha nini, anajibu kwamba ni maziwa ya mama tu. Anashauriwa ale vizuri, anywe uji, anyonyeshe mara kwa mara. Anaitikia. Hasemi kwamba wiki tatu sasa usingizi haumjii hata mtoto akiwa amelala, kwamba chakula kimekuwa kama mchanga kinywani, kwamba juzi mtoto alilia yeye akabaki kumtazama kutoka upande wa pili wa chumba, mikono ikakataa kunyanyuka. Hasemi kwa kuwa hakuulizwa. Kijitabu kinarudi mkobani na foleni inasonga.

Barua hii inahusu swali ambalo halikuulizwa pale kwenye mizani, pamoja na jingine ambalo ni ndugu yake. La kwanza linamhusu mzazi: mama, wewe mwenyewe unaendeleaje? La pili linapaswa kumfikia kila mtu mzima anayetibiwa ugonjwa wa akili au ulevi katika kaunti hii: nyumbani kuna watoto, na sasa hivi wako na nani?

Mitaani hali ya mama huyo ina majina mengi. Wengine husema ana mawazo, wengine ana stresi, wengine amerogwa, na wakwe huona ni uvivu. Kitabibu huitwa sonona: huzuni na uchovu visivyoondoka, vinavyodumu wiki baada ya wiki na kumnyang'anya mtu usingizi, hamu ya kula na uwezo wa kufanya mambo madogo aliyoyazoea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ulimwenguni kote takriban asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea idadi hupanda hadi asilimia 15.6 wakati wa mimba na 19.8 baada ya kujifungua. Kwenye benchi la akina mama kumi, basi, inawezekana kabisa kwamba wawili wamebeba mgongoni mtoto, na kifuani mzigo ambao hakuna mizani ya kuupima.

Mtoto huuona mzigo huo kabla ya mtu mwingine yeyote. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alifanya jaribio ambalo mpaka leo ni chungu kulitazama. Mama alicheza na mtoto wake mchanga, wakachekeana. Kisha akaombwa auzime uso: asitabasamu, asiseme neno, amtazame tu mtoto kwa dakika chache. Mtoto alitumia kila alichokijua. Alitabasamu, akanyoosha mikono, akapiga kelele. Alipokosa jibu alianza kugeuza uso na kujikunyata, macho akayapeleka pembeni. Mama alipourudisha uso wake wa kawaida, mtoto naye alirudi, ingawa kwa wasiwasi. Yote hayo yalikuwa ya dakika mbili tatu tu. Mama mwenye sonona anaweza kukaa na uso huo miezi sita, na hakuna mtafiti wa kumwambia kwamba sasa inatosha.

Athari za sonona ya mama huonekana hata kwenye kilo za mtoto. Huko Rawalpindi, Pakistan, daktari Atif Rahman na wenzake waliwafuatilia watoto wa akina mama waliokuwa na sonona wakati wa ujauzito. Mwaka 2004 waliripoti kwamba watoto hao walikua vibaya zaidi kuliko wenzao na waliharisha mara nyingi zaidi. Si kwamba mama zao hawakuwapenda. Kunyonyesha kila baada ya saa mbili, kuchemsha maji, kuamka usiku kumgusa mtoto paji la uso na kukumbuka tarehe ya chanjo ni kazi zinazohitaji nguvu ileile ambayo ugonjwa huiba kwanza. Ndiyo maana swali la mtoto kula nini, likiulizwa peke yake, linaweza kupita kando ya ugonjwa wenyewe.

Sheria ya Kenya inalijua jambo hili. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka enzi za ukoloni, kinamzungumzia mama aliyesababisha kifo cha mtoto wake asiyetimiza miezi 12 huku akili yake ikiwa imevurugika kwa sababu hajapona athari za kujifungua au za kunyonyesha. Mama huyo hahukumiwi kama muuaji wa kukusudia. Dola, kwa maneno yake yenyewe, imekiri kwamba uzazi unaweza kutikisa akili ya mtu, ila imekiri hivyo mahakamani, mtoto akiwa ameshazikwa. Kwenye kliniki, mahali ambapo mtoto yuko hai na mama amekuja kwa miguu yake mwenyewe, ungamo hilo halijafika.

Hapa ni lazima tahadhari iwekwe wazi. Wazazi wengi mno wenye magonjwa ya akili hawamdhuru mtoto wala mtu mwingine, na wapo wanaolea vizuri kuliko majirani zao walio wazima. Vichwa vya habari vya magazeti, ambavyo humkumbuka mzazi mgonjwa siku ya mkasa tu, vimewatia hofu watu wengi wasitafute msaada. Habari kubwa hasa ni ile isiyoandikwa gazetini: watoto walio hai, wanaokwenda shule, wanaobeba nyumba nzima mabegani bila mtu kujua.

Mtoto wa miaka kumi anayeishi na mzazi mgonjwa hujifunza kuisoma nyumba kabla hajaingia. Hutazama pazia: likiwa wazi, leo mama ameamka. Husikiliza kama redio imewashwa. Anajua siku ya kuonyesha barua ya mwalimu na siku ya kuificha chini ya godoro. Husonga ugali, humwogesha mdogo wake, huenda dukani kukopa unga na kumwambia mwenye duka kwamba mama ana malaria, kwa kuwa malaria ni ugonjwa unaoweza kutajwa mbele za watu. Shuleni huchelewa na kusinzia. Ripoti ya mwisho wa muhula husema ana uwezo ila hatii bidii.

Kazi hizo, kwa uzito wake, si ndizo zinazomla zaidi. Kinachomla ni hesabu anayoipiga peke yake usiku: mama alianza kuwa hivi baada ya mimi kufanya jambo fulani, kwa hiyo ni mimi. Daktari William Beardslee wa Boston alizifuatilia familia za wazazi wenye sonona tangu miaka ya 1980. Aligundua kuwa watoto waliofanya vyema walikuwa na jambo moja linalofanana: walielewa kwamba mzazi ni mgonjwa, na kwamba ugonjwa huo haukuletwa na wao. Kutokana na hayo alibuni mazungumzo ya vikao vichache ambamo mzazi, akisaidiwa na mhudumu, humweleza mtoto kinachoendelea kwa maneno ya umri wake. Mazungumzo ya namna hiyo hayahitaji mashine wala dawa.

Waheshimiwa, huenda mtu akauliza kwa nini barua hii inapelekwa Nakuru badala ya Nairobi. Sababu ya kwanza ni ya kikatiba: Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vituo vya afya vya kaunti na elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti. Sababu ya pili ni historia ya ardhi hii.

Sensa ya 2019 iliihesabu kaunti kuwa na watu 2,162,202. Wengi wa wazazi vijana miongoni mwao walikuwa watoto katika nyakati mbaya za Bonde la Ufa. Aliyezaliwa Molo au Olenguruone mwishoni mwa miaka ya 1980 aliyaona mapigano ya kikabila ya 1992 akiwa bado anashikwa mkono. Wa Njoro waliyaona ya Januari 1998. Kisha yakaja ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua zaidi ya watu 1,100 nchini na kuwahamisha mamia ya maelfu. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka mji wa mahema. Mjini Naivasha, tarehe 27 Januari 2008, watu 19 walichomwa wakiwa wamejifungia ndani ya nyumba moja. Mtoto aliyekuwa na miaka saba katika mahema yale sasa ana umri wa kuwa na mtoto wake mwenyewe. Ndiye anayesimama kwenye foleni ya mizani.

Serikali ilipowarudisha watu makwao mwezi Mei 2008 kwa Operesheni Rudi Nyumbani, kaya iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa nyumba iliyobomolewa. Mabati yalihesabika. Baba aliyekuwa akiamka usiku na panga mkononi kila mbwa abwekapo hakuwa na fomu ya kujaza, na watoto waliolala chumba kimoja naye walijifunza kuamka pamoja naye.

Na misiba haikukoma kwa siasa. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta liliwaka moto Sachangwan, na watu zaidi ya 100 waliangamia. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai na kusomba zaidi ya watu 40, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamezibwa huko Old Kijabe yalifumuka na kufagia vijiji vya Mai Mahiu, yakaua zaidi ya watu 50. Kila mara wahisani walikuja na mablanketi, unga na mahema, na kila mara walifanya vyema. Washauri nasaha nao walikuja, wakakaa siku kadhaa, wakaondoka. Lakini mzazi aliyempoteza mtoto mmoja na kubaki na wawili haanzi kuugua siku ya mazishi. Mara nyingi huanza kuzama miezi kadhaa baadaye, wakati hema limeshakunjwa, na wale wawili waliobaki huishi na mzazi ambaye nusu yake imebaki kwenye tope.

Naivasha ina shinikizo lake pia. Sehemu kubwa ya waridi la Kenya hukatwa kandokando ya ziwa lile, na mikono inayolikata na kulipanga ni ya wanawake wengi, wakiwemo wanaolea peke yao katika vyumba vya kupanga vya Karagita na Kihoto. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi. Baada ya hapo mtoto huachwa kwa jirani anayelea wengi kwa pamoja, na mama hurudi kazini, penye shughuli nyingi zaidi kuelekea 14 Februari na Siku ya Mama ya Ulaya. Machi 2020 soko la Uholanzi lilipoanguka kwa sababu ya korona, maelfu ya wafanyakazi wa maua walirudishwa nyumbani. Kodi haikurudi nao. Shinikizo la namna hiyo halimpi kila mtu ugonjwa, ila humfikisha mtu ukingoni, na aliye ukingoni tayari husukumwa na jambo dogo.

Akina baba nao hawaonekani kliniki. Sonona ya mwanamume mara nyingi huja na sura nyingine: hasira, ukimya, chupa. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kuwa Wakenya milioni 3.2 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia pombe. Si wote wagonjwa, wala si wote wazazi. Hata hivyo mtoto anayesikiliza lango likifunguliwa usiku ili ajue kwa mlio wake baba amerudi katika hali gani hafanyi tofauti kati ya ulevi na sonona, na mara nyingi hakuna tofauti ya kufanya, kwa kuwa moja humlisha mwenzake. Anapopelekwa hospitali akiwa ameanguka mtaroni, baba huyo hushonwa, huwekewa maji, huruhusiwa kwenda. Ni wakati huo hasa ambapo mtu angepaswa kumuuliza kama ana watoto.

Ni kweli sheria imesonga mbele. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza jopokazi la afya ya akili mwaka 2019. Likiongozwa na Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Juni 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho, ikazitwika kaunti jukumu la kutoa huduma hizi na kuunda mabaraza ya kaunti ya afya ya akili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, mtoto aliyekimbia kuita majirani wamuokoe mama yake alikuwa kwa namna fulani anamwitia polisi. Hukumu hiyo imemfungulia mtoto mlango wa kusema. Swali ni nani atakayekuwa upande wa pili wa mlango huo.

Nchi nyingine zimeshajibu. Tangu 1 Januari 2010 sheria ya Norway inamtaka mhudumu wa afya anayemtibu mtu mzima kwa ugonjwa wa akili, uraibu wa dawa au pombe, au ugonjwa mkubwa wa mwili achunguze kama mgonjwa ana watoto, na kama watoto hao wanahitaji maelezo au msaada. Hospitali zinatakiwa kuwa na mtumishi aliyepewa jukumu la watoto hao. Wapo watakaosema Norway ni tajiri. Ni kweli, lakini kuuliza kama mtu ana watoto si jambo la utajiri. Kenya yenyewe huliuliza tayari. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF Oktoba 2024, mwanachama anayejisajili huwaandikisha wategemezi wake. Majina ya watoto yamo kwenye mfumo kwa ajili ya hesabu ya bima. Yakitumika kwa ajili ya pesa, yanaweza pia kutumika kwa ajili ya malezi.

Pingamizi la pili litakuwa la wataalamu: madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno, na ni jambo la kawaida mgonjwa wa Kuresoi kusafiri hadi hospitali ya rufaa mjini Nakuru au wodi za Gilgil. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ya kutowangoja. Kule Pakistan, Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake waliosoma sekondari tu, namna ya kuzungumza na mama mwenye sonona wanapomtembelea nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa mtoto alipofika miezi sita, asilimia 23 ya akina mama waliotembelewa hivyo bado walikuwa na sonona, ilhali miongoni mwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo ilikuwa asilimia 53. Zimbabwe, kupitia mradi alioanzisha daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, iliwaweka nyanya kwenye mabenchi nje ya zahanati wakawasikiliza watu.

Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Eldoret, saa chache kutoka hapa kwa matatu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Duke cha Marekani walibuni mpango uitwao Tuko Pamoja, ambao huwafundisha watu wa kawaida wanaoaminika katika jamii kuzisaidia familia zenye migogoro kuzungumza, wazazi na watoto wakiwa wameketi pamoja. Kutoka mazingira hayohayo ulitoka mpango mwingine wa kuwasaidia akina baba walevi wenye sonona warudi kuwa karibu na watoto wao. Lugha, chai na aibu za watu wa Eldoret ni zilezile za watu wa Molo.

Na Nakuru ina watu wake tayari. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kote nchini, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu, sukari, joto na uzito. Huingia nyumba kwa nyumba, hupewa kiti, huonyeshwa mtoto. Ndio wanaoweza kuona kwamba pazia halijafunguliwa siku tatu. Mkoba wao una kifaa cha kupima karibu kila kitu isipokuwa kilicho nyuma ya pazia hilo.

Hivyo basi barua hii inawaomba mambo matatu.

Kwanza, kila mama anayempeleka mtoto kupimwa kilo na kuchanjwa, kuanzia wiki ya sita hadi mwezi wa 18, aulizwe maswali mawili yanayotumika kote duniani: katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya mambo uliyozoea kuyafurahia, na umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Jibu liandikwe kwenye kijitabu, palepale karibu na chati ya kilo, ili mstari uliolala na mama aliyezama vionekane katika ukurasa mmoja. Akijibu ndiyo, pawe na muuguzi aliyefundishwa, chumba chenye mlango, na tarehe ya kurudi. Swali lisilofuatwa na chochote ni ukatili mwingine.

Pili, kila kituo cha kaunti kinachomtibu mtu mzima kwa ugonjwa wa akili, jaribio la kujiua au ulevi kimuulize kama ana watoto, wana umri gani na wako na nani usiku huo. Kila hospitali ya kaunti ndogo, na ziko kaunti ndogo 11, iteue mtumishi mmoja ambaye kazi yake ni kufuatilia jibu hilo pamoja na mhudumu wa afya ya jamii na mwalimu wa mtoto. Lengo lisiwe kumnyang'anya mzazi mtoto wake. Nakuru, Gilgil na Naivasha hazikosi vibao vya makao ya watoto barabarani, lakini mkakati wa kitaifa wa malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto wabaki katika familia. Shangazi wa Subukia akipigiwa simu mapema anaweza kuja wiki mbili, mama akapata matibabu, na mtoto akaendelea kulala kitandani kwake. Kinachowafanya wazazi wafiche ugonjwa ni hofu ya kupokonywa. Ahadi ya kutopokonywa bila sababu kubwa iandikwe ukutani, kwa Kiswahili, mahali wanapoiona.

Tatu, baraza la afya ya akili la kaunti, kama sheria ya 2022 inavyotaka, lifanye kazi ya wazi, na ndani yake awemo angalau mtu mmoja aliyekulia katika nyumba ya mzazi mgonjwa. Wako wengi katika kaunti hii. Ni walimu, madereva wa matatu, wauguzi, na bila shaka mmoja au wawili kati ya wawakilishi wa wadi 55. Wanajua mambo ambayo ripoti haiyajui, kwa mfano ni nani mtaani ambaye mtoto humkimbilia kwa kweli, na ni nani ambaye kila mtu hudhani humkimbilia.

Gharama ya mambo haya matatu ni ya kufundisha watu na kuchapisha karatasi. Hakuna jengo la kufungua wala utepe wa kukata, na huenda ndiyo sababu hayajafanywa. Lakini kalenda ya bajeti mnaijua kuliko yeyote: waraka wa mikakati ya fedha hufika mezani kwenu kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Katikati yake kuna vikao vya maoni ya wananchi, ambako hadi sasa watu husimama kuomba barabara, maji na taa za mtaani. Watu wanaohusika na barua hii hawatasimama. Mama wa Rhonda hana nguvu ya kwenda, na mtoto wa miaka kumi yuko dukani anakopa unga.

Kwa hiyo Kamati ya Afya ya Bunge lenu inaombwa kujibu hadharani kabla ya makadirio yajayo kusomwa: je, maswali hayo mawili ya kliniki yataanza katika kaunti ndogo ipi, lini, na ni muuguzi wa cheo gani atakayekuwa na ufunguo wa kile chumba chenye mlango? Wakati mkijadili, mtoto mwenye shida anaweza kupiga simu 116 bila malipo, na mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mama wa foleni ile ameandikiwa kurudi kliniki mwezi ujao.

Wenu katika ujenzi wa kaunti,
Mzazi na mwandishi, Nakuru